Maombi Kwenye Josho la Chepsaita

Mama Nekesa alinipigia simu nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba nachambua maharagwe, na hakunisalimu. Kwa mtu ambaye kila mara huuliza habari za mume, watoto, mvua na ng'ombe kabla ya kusema shida yake, hiyo ilitosha kunijulisha kwamba kuna jambo. Mumewe, Profesa Sitati, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia baada ya kuugua kwa muda, na mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi kwenye shamba lao huko Cheptiret. "Ruth," akasema, "mchungaji ameandika kwa programu ya mazishi kwamba Prof aliokoka hospitalini. Imeshapigwa chapa. Sasa niambie nifanye nini." Mchungaji mwenyewe ni kijana mwema anayependa watu. Alimtembelea mgonjwa siku zake za mwisho, akamshika mkono, akamwambia kama anampokea Bwana amfinye kidole. Prof akafinya. "Lakini alikuwa anafinya kila mkono," Mama Nekesa akaniambia. "Alifinya hata wa yule msichana wa kuleta uji." Tukacheka sote wawili kwenye simu, kicheko kirefu cha watu waliomjua mtu mmoja, halafu nikasikia kicheko chake kimegeuka kilio. Akasema akinyamaza atakuwa amezika mume wa mtu mwingine, na akisema ukweli itakuwa kama ametangaza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kanisa lote, kwamba hatamwona tena. Nilimwambia tu nitafika mapema Jumamosi, nikarudi kwenye maharagwe yangu, na mikono ikifanya kazi yake kichwa kikaenda Chepsaita, kwenye josho la ng'ombe, mwaka ule nilioishi nyumbani mwao.

Nilikotoka na nani alinizaa ni mambo ya siku nyingine. Watu wangu wana hadithi zao na wanazisimulia vizuri kunishinda. Hadithi hii inaanza na sanduku la bati nililoliingiza katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Profesa, mtaa wa Elgon View, nikiwa nimetoka kumaliza digrii ya biolojia na kupata kazi ya kumsaidia katika utafiti wake wa kupe. Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha linalotazama mparachichi na kamba ya nguo, na ukuta mwembamba wa mbao ulionitenga na chumba chao cha kulala. Sebuleni palikuwa na meko ya mawe iliyowashwa jioni kwa sababu ya baridi ya Eldoret, na viti vikubwa vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo Mama Nekesa alivifua na kuvipiga pasi kila Ijumaa. Upande mmoja wa ukuta ilining'inia kalenda ya kanisa. Upande wa pili palikuwa na picha ya kupe aliyekuzwa hadi akawa na ukubwa wa sahani, na wageni wa kanisa walikuwa wamejifunza kukaa wakiipa mgongo. Lakini uwanja wa vita hasa ulikuwa friji. Mama Nekesa alitaka nafasi ya maziwa na siagi, Profesa alitaka mahali baridi pa kuweka chupa zake za kupe walio hai. Mwishowe walikubaliana kwamba rafu ya chini ni ya sayansi, na kwamba kupe yeyote atakayeonekana juu ya hapo atahesabiwa kuwa amejitakia.

Niliiogopa nyumba ile kabla ya kuingia. Chuoni tulimwita Profesa "mtu wa nyani", ingawa katika mihadhara yake yote nyani aliwataja kwa kupita tu. Mimi nilikuwa binti wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, na habari za mageuko ya viumbe nilizisoma kama mtu anavyosoma sheria za nchi ya wengine: niliandika kwenye mtihani kile kilichotakiwa, nikafaulu, na Jumapili nikaimba. Sasa nilikuwa nimehamia kwa mwenye nchi. Jioni ya kwanza Mama Nekesa aliandaa ugali, mboga ya mrenda na kuku, kisha akaomba maombi marefu yaliyowapitia wagonjwa wote wa mtaa. Nilifungua jicho moja kumchungulia Profesa. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho wazi, mikono magotini, na hakugusa chakula mpaka amina. Amina yenyewe hakuisema. Alimwangalia mkewe akasema, "Asante, Mama Nekesa," kwa sauti ileile ambayo mtu mwingine angesemea amina, naye mkewe akamjibu, "Karibu." Kila mlo wa mwaka ule ulianza hivyo, na baada ya muda nikawa siwezi kuanza kula kabla ya kusikia hayo maneno mawili.

Asubuhi ndizo zilizonichanganya. Kabla ya jua kutoka nilimsikia Profesa kupitia ule ukuta akisoma Maandiko kwa sauti. Alisoma bila haraka, akipumzika mahali pa kupumzika, vizuri kuliko wachungaji wengi niliowasikia. Mama Nekesa alikuwa na shida ya macho iliyomzuia kusoma maandishi madogo. Wiki ya kwanza niliamini nimegundua siri, kwamba mzee huyu ni muumini anayejificha, na nikamuuliza siku moja tukiwa peke yetu. Alicheka. Akasema anasoma kwa kuwa ameombwa na mtu anayempenda, na kwamba zipo sura anazozifurahia kweli, hasa zile ndefu za majina ambazo wengine huziruka, fulani akamzaa fulani. "Hiyo ndiyo kazi yangu, binti," akasema. "Nani alimzaa nani. Ila mimi narudi nyuma zaidi kidogo." Upande wa Mama Nekesa niliusikia jikoni, siku akina mama wa kanisa walipokuja kumsaidia kupika kwa ajili ya ugeni. Mmoja alimuuliza, kwa ile sauti ya huruma yenye udaku ndani yake, anawezaje kukaa nyumba moja na mtu asiyemjua Mungu. Nilisimama koridoni na ndoo yangu ya maji. "Yeye ananisomea, mimi namwombea," Mama Nekesa akasema. "Kila mtu na kazi yake. Wako anakusomea?" Yule mama akaulizia chumvi iko wapi.

Mazungumzo yetu makubwa tuliyafanya kwenye veranda ya nyuma, tukipanga kupe kwenye vichupa, jua la asubuhi likitupiga miguuni. Profesa hakuwa mtu wa kugombana, lakini kulikuwa na maneno yaliyomkera, na la kwanza lilikuwa lile la kwamba sayansi hueleza mambo yanavyotokea na dini hueleza sababu yake. Alisema watu wanagawana dunia kama mbuzi wa sherehe, kila mmoja anaenda nyumbani na fungu lake, halafu wanasahau kwamba alikuwa mbuzi mmoja. La pili lilikuwa tabia yangu ya kurukia pengo. Kila aliposema jambo fulani bado halijulikani, mimi nilisema basi hapo ndipo Mungu alipo. Siku moja aliweka kibanio chini. "Ruth, nikikuambia sijui, usimwite Mungu wako akae kwenye sijui yangu. Siku nitakapojua, utamhamishia wapi?" Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaona alikuwa akimtetea Mungu wangu kuliko nilivyomtetea mimi. Nilipomuuliza kama basi kila kitu ni bahati nasibu, alisema kuzaliwa tofauti na wengine ni bahati, kubaki si bahati, na akanirudisha kwenye vichupa. Niliuliza pia nani aliumba kupe, na kwa nini. Mama Nekesa alikuwa anapita na nguo za kuanika. "Aliwaumba ili wanaume wa huku wapate sababu ya kuamka mapema," akasema bila kusimama, na Profesa alicheka hadi akavua miwani kuifuta.

Kicheko kilipoisha aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema watu hudhani alipotezwa na mifupa ya kale na vitabu. Kilichomzuia kuamini ni ndama. Aliona ndama wengi mno wakifa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, wakikosa pumzi huku povu likiwatoka puani, na hakuweza kumshukuru yeyote kwa hilo wala kumlaumu yeyote. Mimi nilikuwa na majibu ya shule ya Jumapili yaliyopangwa vizuri, na asubuhi ile sikuona hata moja la kumpa. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na nataka niseme hivyo wazi, kwa kuwa watu hudhani imani ikiguswa lazima mtu ateseke. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo swali lilikuwa swali tu, si mtego, na jioni tulikula sote meza moja.

Mateso yalikuja kwa mlango mwingine. Nilikuwa mchumba wa Elijah, mwalimu wa shule ya msingi huko Sugoi, na harusi yetu ilipangwa kuwa mwezi wa Desemba baada ya mavuno. Baba yake, Mzee Kirwa wa Chepsaita, alikuwa mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa kamati ya josho, ile njia ya saruji iliyojazwa dawa ambamo ng'ombe wa kijiji huogeshwa ili kupe wafe. Alijua nafanya kazi kwa "daktari wa kupe", na alijivunia jambo hilo kwa majirani. Mahindi yalipokuwa yanaanza kukauka shambani, ndama wa Chepsaita wakaanza kufa kwa ndigana ingawa walioga kila wiki, na Mzee mwenyewe akaja mjini kumtafuta huyo daktari. Nilimfungulia mlango. Alikaa, akapewa chai, akainua macho akaiona ile picha ya kupe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza jina la mwenye nyumba. Profesa alipojitaja, niliona kikombe cha Mzee kimesimama katikati ya safari. Jina hilo lilikuwa limewahi kutajwa mimbarini kwao, na si kwa kusifiwa. "Ni wewe unasema watu walitoka kwa wanyama?" akauliza kwa adabu. "Ndiyo, Mzee," Profesa akasema. "Na wewe pia, na mimi. Nikuongeze chai?" Mzee alimaliza kikombe chake, maana kwao mtu haachi chai ya watu nusu, akashukuru, akaondoka bila kutaja kupe.

Jumapili iliyofuata majina yetu yalikuwa yatangazwe kanisani kwa mara ya kwanza. Hayakutangazwa. Elijah aliniletea ujumbe: nitoke katika nyumba ile na kazi ile, au kanisa la baba yake halitatufungisha ndoa. Elijah ni mtu mpole, na hata leo akikanyagwa yeye ndiye huomba msamaha. Alisema Mzee atapoa, ila nilimwona anavyotafuna kucha. Alitaka kuoana nami hata pembeni ya barabara, lakini nilijua maana ya kuingia katika ukoo kwa dirisha, na nilijua maana ya kuiacha kazi ambayo ndani yake nilikuwa nimeamka. Nililia kwa sauti ya chini, na ukuta ulikuwa mwembamba. Asubuhi Mama Nekesa aliniletea chai kitandani, jambo alilowafanyia wagonjwa tu. Nilimwendea Profesa, nikamwomba aniambie la kufanya. Alikataa. Alisema akiniambia nibaki nitakuwa nimemwamini yeye, akiniambia niende itakuwa vilevile, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Nilimchukia kwa siku kadhaa. Nilitaka mtu mmoja tu anipe amri.

Kisha ndama mzuri kuliko wote wa Mzee Kirwa akafa, na wa jirani yake, na ujumbe ukafika kwamba daktari aje joshoni, lakini asipitie nyumbani kwa Mzee. Tulikwenda asubuhi, mimi na Profesa, na chupa zetu. Chepsaita yote ilikuwa pale, wanaume kwa wanawake, wamevaa gamubuti na makoti, na ile harufu kali ya dawa hewani. Sasa, msomaji wa huku anajua kwamba kwetu hakuna kikao kinachoanza bila maombi, kiwe cha shule, cha maziwa au cha mpaka wa shamba, na kwamba heshima ya kuomba hupewa mgeni. Mdomo wa mwenyekiti umezoea kusema hivyo hata kichwa kikiwa kwingine. Mzee Kirwa akapanda kwenye ukingo wa josho, akasalimu watu, akasema, "Hatuwezi kuanza bila kumkaribisha Mungu. Mgeni wetu atatuongoza kwa maombi." Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Nilimwona Mzee alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Uso ulimbadilika, lakini maji yakimwagika hayazoleki, watu wote walikuwa wameshanyamaza wanangoja.

Mimi nilijua Profesa anaweza. Mtu aliyesoma Maandiko kila asubuhi miaka yote ile angeweza kutoa maombi ya kumliza hata shetani. Na nakiri niliomba moyoni kwa nguvu zote kwamba ayatoe, sentensi chache tu na amina, Mzee alainike, majina yetu yatangazwe, na mimi nibaki na kazi yangu na mume wangu. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mzee, na nyinyi wazee na akina mama," akasema, "mmeniheshimu sana. Lakini mimi si mtu wa kuomba. Nikifunga macho hapa niseme maneno, nitakuwa nawadanganya. Na kama Mungu wenu yuko, nitakuwa namdanganya na yeye. Ruth huomba kwa moyo. Mpeni Ruth." Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Ng'ombe mmoja akalia. Niliona harusi yangu ikizama ndani ya lile josho. Mzee Kirwa alimtazama Profesa kwa muda mrefu, kama anavyotazama fahali mnadani, halafu akasema bila kunigeukia, "Ruth, tuombee." Nikaomba. Sikumbuki yote niliyosema, ila nakumbuka nilimwomba Mungu atupe macho ya kuona kilichopo, hata kama hatukipendi.

Baada ya amina mmoja wa wakulima alianza kwa kusema kinachosemwa na kila mtu, kwamba kupe zimezoea dawa. Profesa akasema hakuna hata kupe mmoja aliyezoea. Wasioweza kuivumilia walikufa zamani. Wachache waliozaliwa wakiwa na uwezo wa kuivumilia ndio waliobaki wakazaa, na hawa tunaowaona ni watoto wao. Kisha akamuuliza Mzee Kirwa, ambaye ng'ombe wake walijulikana hadi Turbo, aliwapataje. Mzee akaeleza kwa fahari: wazuri aliwaweka wazae, wabaya akawauza, akaendelea hivyo tangu ujana wake. Profesa akamwambia dawa imefanya vivyo hivyo. "Mmekuwa mkifuga kupe, Mzee, na mmefuga vizuri." Watu wakacheka kwa uchungu. Mzee hakucheka. "Kwa hivyo ni sisi tumezichagua," akasema. "Bila kukusudia," Profesa akajibu. "Na kama si sisi tulikusudia, ni nani?" Profesa alisema hakuna aliyekusudia, na kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu. Mzee akafikiri kidogo. "Hiyo sehemu tuiache kwanza," akasema. "Sema ya dawa." Basi wakazungumza ya dawa: kubadilisha ya aina nyingine kabisa, na kuacha ile tabia ya kuongeza maji ili idumu. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa nini wamsikilize mpagani. Mzee Kirwa ndiye aliyemjibu. "Huyu mtu alikuwa na nafasi ya kutudanganya mbele ya Mungu, na sisi wote tumefunga macho. Hakuichukua. Sasa atanidanganya juu ya kupe?"

Mwishowe tulipitia nyumbani, kwa kuwa Mzee alisema mgeni hawezi kurudi mjini na njaa hata awe na dini gani. Tulikula ugali na nyama, tukanywa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa kibuyu cha mke wake, na Profesa akasifu maziwa yale mpaka yule mama akamjazia chupa ya kubeba. Mzee aliniita pembeni, karibu na lango la zizi. Aliniuliza Profesa akiniambia jambo la sayansi najuaje ni kweli. Nikamwambia ananionyesha. "Na Mungu?" Nilitafuta jibu zuri na sikulipata, nikatoa lile nililokuwa nalo. "Mungu sijaonyeshwa, Mzee. Namwamini." Akaitikia kwa kichwa, taratibu, na kwa kweli nilihisi kwamba ni mara ya kwanza mtu wa kanisa kuniuliza swali hilo akitaka kujua. Akasema nifanye kazi yangu, kazi si dhambi, ila watoto wa shule ya Jumapili nisiwafundishe mambo ya nyani. Nikamuuliza, "Na wakiniuliza wenyewe?" Aliwatazama ndama wake waliobaki. "Wakikuuliza," akasema, "usidanganye."

Majina yetu yalitangazwa Jumapili iliyofuata. Profesa alikuja harusini amevaa suti iliyonuka nondo, akakaa kiti cha mbele karibu na mkewe, kichwa ameinamisha na macho wazi. Mimi nimefundisha biolojia maisha yangu yote tangu hapo, na shule ya Jumapili pia, na watoto wameniuliza, na sikuwadanganya. Kuna miaka imani yangu ilikuwa nene na kuna miaka ilikuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa, lakini ni yangu, haikai kwenye sijui ya mtu. Mzee Kirwa alizikwa zamani. Hakukubali habari za nyani hadi kufa, ila kila alipomchagua fahali alinitazama kwa pembe ya jicho, na mimi nilijifanya sijaona.

Jumamosi mimi na Elijah tulifika Cheptiret mahema yakiwa bado yanafungwa. Nilimkuta Mama Nekesa chumbani, ameketi kitandani, programu mkononi. Hakuwahi kufika kwenye lile josho, alisimuliwa tu. Akaniomba nimsimulie tena, hasa Prof alivyoshika kofia. Nikamsimulia. Akasema nirudie. Nikarudia, na nilipomaliza alifunga kitambaa chake kichwani, akaniomba nimshike mkono twende nje. Wakati wake wa kuzungumza ulipofika alisimama karibu na jeneza, akapewa kipaza sauti, akangoja mpaka hata watoto wakatulia.

"Mchungaji aliandika kwa upendo," akasema, "na mimi simlaumu. Lakini Prof hakuokoka. Nilimwombea tangu tuoane, na kila mara alinikatalia kwa upole. Alinisomea Neno kila asubuhi, na hakuwahi kuniambia analiamini, na alijua vile ningefurahi. Sijui kama nitamwona tena. Hiyo nimemwachia Mungu mwenyewe. Lakini Mungu ninayemjua mimi anamjua huyu mtu, anajua alikataa kumdanganya. Sisi tusimdanganyie." Kisha ajuza mmoja upande wa akina mama akasema amina, na wengine wakaitikia, si wote. Mchungaji alikuwa amesimama na programu yake mkononi. Niliona anavyosumbuka, kijana wa watu. Akaikunja, akaitia mfukoni, akamkumbatia Mama Nekesa, halafu akauliza nani atatuongoza kwa maombi kabla ya kushusha mwili. Mama Nekesa akanielekeza kwa kidole.

Niliomba nikiwa nimeinamisha kichwa, macho wazi. Niliona jeneza, viatu vya Elijah vyenye udongo, na ng'ombe wa jirani wakichungulia juu ya ua. Sikuomba mambo mengi. Nilishukuru kwa yule mtu, nikasema amina, na watu wakasema amina, halafu pakawa na ule ukimya mfupi ambao mezani kwao, kwa miaka mingi, ulijazwa na sauti moja, na nikajikuta nangoja. Mama Nekesa alikuwa ameweka kiganja juu ya jeneza.

"Asante, Ruth," akasema.

"Karibu," nikamjibu.